Mtoto aanze na ba, be, bi, bo, bu

BUKAVU – Wazazi wengi wanalalamika kwamba shule inayofundisha mtoto kusoma kwa Kiswahili inamrudisha nyuma. Wanataka Kifaransa tangu siku ya kwanza, sababu mtihani wa kumaliza shule ya msingi unafanyika kwa Kifaransa. Hofu yao ni ya kweli. Wanachokosea ni mahali pa kuanzia.

Kiswahili kinasomwa vile kinavyoandikwa. Mtoto akishashika ba, be, bi, bo, bu, anasoma baba, anasoma bibi, anasoma hata neno ambalo mwalimu hajawahi kuliandika ubaoni. Kwa Kifaransa, sauti moja tu ya « o » huandikwa mara o, mara au, mara eau. Mtoto asiyesikia lugha hiyo nyumbani anakariri ukurasa mzima, na mzazi anafurahi. Funika picha, umwonyeshe neno moja peke yake: ananyamaza.

Ni kweli, kule Kabare na Walungu watoto wengi wanaongea Mashi nyumbani. Lakini Kiswahili wanakisikia sokoni na redioni kuliko Kifaransa.

Sheria ya elimu ya 2014 inakubali lugha za taifa zitumike kufundishia. Kinachokosekana ni vitabu. Tangu shule ya msingi ya serikali iwe bure mwaka 2019, madarasa yamefurika, na mwalimu hapati nafasi ya kumsikiliza kila mtoto akisoma. Wazazi wanaokwenda kwa mkurugenzi kudai Kifaransa wangedai kwanza kila mtoto apate kitabu mkononi.