Vitabu vya Serengeti Virudi Serengeti

Mwaka 1951 zilizaliwa nchi mbili. Ya kwanza ni Kusadikika, nchi inayoelea angani, aliyoibuni Marehemu Shaaban Robert katika kitabu chake chenye jina hilo. Ya pili ni Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, iliyoanzishwa na serikali ya kikoloni. Msomaji wa Kusadikika hadanganyiki. Anajua kwamba nchi hiyo ni ya kubuni, na kwamba imebuniwa ili azidi kuitazama vema nchi yake mwenyewe. Msomaji wa habari za Serengeti hakupewa hadhari hiyo.

Kwa miaka mingi walimwengu walisimuliwa kwamba Serengeti ni mbuga tupu, isiyopata kuguswa na mkono wa binadamu. Aliyeyaeneza masimulizi hayo kuliko wengine ni Profesa Bernhard Grzimek wa Ujerumani. Kitabu alichoandika pamoja na mwanawe Michael kilitoka mwaka 1959, na filamu yao ikapata tuzo ya Oscar mwaka 1960. Hatukatai kwamba aliwapenda wanyama, tena kwa dhati. Mwanawe alipoteza maisha katika kazi hiyo. Lakini alishikilia kwamba ndani ya hifadhi wasiishi watu, hata wenyeji. Mwikoma, Mnata na Mngoreme, ambao wanajua kilima kipi kilikaliwa na ukoo gani na kisima kipi kina matambiko yake, hawakuwamo katika picha hiyo.

Jawabu la masimulizi hayo limekwisha kuandikwa. Mwaka 2003 mwanahistoria Jan Bender Shetler alitoa mkusanyiko wa historia zilizoandikwa na wenyeji wa Mara Kusini wenyewe. Mwaka 2007 akatoa kitabu kingine, kinachoeleza jinsi wenyeji hao wanavyoikumbuka nchi ya Serengeti: mashamba, njia za wawindaji, maganjo, na makaburi ya wazee. Kwa upande wa Tarime, Michael Fleisher alichapisha mwaka 2000 utafiti wake juu ya wizi wa ng'ombe katika Wakurya. Jina la kitabu chake halipendezi masikioni mwa Mkurya, na hatumlaumu atakayeudhika. Lakini ndani yake mna hoja ambayo kila ofisa wa wilaya ingempasa kuijua. Anaonyesha kwamba wizi wa siku hizi si mila iliyokataa kufa, bali ni biashara iliyokua kwa fedha na soko la ng'ambo ya mpaka wa Kenya, ikapata nguvu kwa silaha zilizoenea baada ya vita vya Uganda vya mwaka 1979. Aaminiye kwamba tatizo ni mila ataleta mahubiri. Aaminiye kwamba ni biashara atalitazama soko.

Vitabu hivyo vilichapwa Leiden, Ohio na Michigan. Mzee wa Mugumu aliyemkaribisha mtafiti, akampa kiti na maziwa, akamsimulia habari za babu zake mpaka jua likatua, atakisomaje kitabu cha Kiingereza chenye bei ya kigeni? Atakisahihishaje pale kilipokosea? Katika Kusadikika, wajumbe sita walitumwa pande zote kutafuta maarifa, na kila aliyerudi na jambo jema alitiwa gerezani. Wajumbe wetu sisi hata nyumbani hawajafika.

Ndugu zetu wa visiwani huenda wakauliza mambo ya mbuga na ng'ombe yanawahusu nini watu wa nyavu na mitumbwi. Tunawakumbusha Mzee Aniceti Kitereza wa Ukerewe. Alimaliza kuandika habari za Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka kwa Kikerewe mwaka 1945. Mswada ukakaa. Mwenyewe akautafsiri kwa Kiswahili, nao ukatoka kitabu mwaka 1980, miaka thelathini na mitano baadaye. Kitereza akafariki mwaka 1981, nakala zikiwa hazijamfikia. Kisiwa hicho hicho kilimzaa Euphrase Kezilahabi, ambaye mwaka 1979 alitupa Gamba la Nyoka, riwaya ya uhamiaji vijijini, na mwaka 1990 akatupa Nagona, kitabu cha ajabu ambacho wengi wetu tumekisoma mara mbili na bado tunabishana. Wavisiwani basi wanafahamu kuliko sisi kilivyo chungu kitabu kinachochelewa kuwafikia wenyewe.

Kwa viongozi tuna neno la wazi. Migogoro ya mipaka kati ya vijiji na hifadhi imechosha wananchi wa Tarime na Serengeti kwa muda mrefu. Kila upande hufika mkutanoni na historia yake: ofisa na ramani, mwanakijiji na kaburi la babu yake. Hatusemi kwamba kitabu kitahamisha kigingi cha mpaka. Tunasema kwamba ni aibu kwa ofisa kukata shauri juu ya ardhi ambayo habari zake zimeandikwa, naye hajazisoma.

Wala kutafsiri si kazi ya watu wasio na shughuli. Mwalimu Nyerere, mwana wa Butiama, alitoa tafsiri yake ya Julius Caesar mwaka 1963, naye ni Rais wa nchi changa yenye kila tatizo. Mwaka 1969 akaongeza Mabepari wa Venisi. Ikiwa Rais alipata nafasi ya kuwashughulikia Warumi, halmashauri mbili haziwezi kukosa fungu la kuwashughulikia Waikoma na Wakurya.

Tunapendekeza halmashauri za Tarime na Serengeti ziandike kwa wachapishaji hao kuomba idhini, na kazi ya tafsiri wapewe wataalamu wa Kiswahili wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakisaidiwa na wazee wanaoyajua majina ya mahali. Wazee hao waanze kuitwa mwaka huu, kwa kuwa waliosimulia habari hizo walikuwa watu wazima tangu wakati ule.