Usiige Paka wa TikTok, Mpikie Wako Omena

Manze, tuongee ukweli kuhusu hii story ya kulisha paka nyama mbichi. Ilianza TikTok, ikafika Nyanchwa, ikateremka Daraja Mbili, na sasa hata Nyamira mjini utapata kijana anaitisha nyama ya paka kwa bucha, anaiweka kwa sahani ikidondoka damu, anapiga video. Ati hiyo ndiyo chakula ya asili.

Mimi niliacha chuo, kwa hivyo sikuuzii digrii. Nakuuliza tu ufikirie kabla hujaiga.

Watu wa nyama mbichi wana hoja moja ya nguvu: paka ni mla nyama. Ile desturi yetu ya kumtupia ukoko wa ugali na maziwa kidogo haimtoshi. Paka wengi wazima hata hayo maziwa yanawaharisha. Mwili wa paka unahitaji taurini, na hiyo inatoka kwa nyama na samaki. Ugali haina, matoke haina. Akiikosa kwa muda mrefu, moyo unadhoofika na macho yanaweza kupofuka. Mwaka wa 1987 watafiti wa California, wakiongozwa na Paul Pion, walionyesha kwamba ugonjwa fulani wa moyo kwa paka ulitokana na kukosa taurini.

Lakini kuhitaji nyama si kuhitaji nyama mbichi.

Yule paka wa video anaishi na friza. Wewe uko bedsita, stima inapotea bila kubisha hodi, na nyama yenyewe imening'inia kwa bucha tangu asubuhi. Usiniambie iko na muhuri. Mkaguzi anatafuta ugonjwa unaoonekana kwa macho, na nyama yenyewe inapitishwa ikijulikana utaenda kuipika. Salmonela haionekani.

Na hata wenye friza hawajasalimika. Disemba 2024, huko Oregon, Marekani, paka mmoja alikufa kwa homa ya ndege baada ya kula chakula kibichi cha bata mzinga, cha kununuliwa dukani, kilichogandishwa vizuri kabisa.

Sasa utasema, "Si paka hula panya, na panya hapikwi?" Sawa. Lakini panya ameliwa mzima, moyo na mifupa ndani, dakika chache baada ya kufa. Robo kilo ya steki iliyokatwa kwa gogo la bucha si panya. Halafu huyo panya mwenyewe huleta minyoo na toxoplasma.

Hapo kwa toxoplasma ndipo wewe unaingia. Paka huipata kwa panya au nyama mbichi, kisha anaitoa kwa choo. Dada yako mjamzito akiipata kwa mara ya kwanza, inaweza kumfikia mtoto tumboni na kuharibu ubongo au macho. Ile nyumba ya chumba kimoja mnapika, mnalala na paka anajisaidia hapo hapo. Like za video hazitamlea huyo mtoto.

Enyewe suluhisho liko soko. Nunua omena, osha mchanga utoke, chemsha. Inaliwa nzima, kwa hivyo paka anapata hadi mifupa laini. Siku nyingine badilisha, mpe moyo wa ng'ombe au nyama ya kuku uliyoichemsha. Usimwage supu, maana taurini nyingi hubaki kwa hayo maji, mchanganyie. Usitie chumvi, na kitunguu usiguse kabisa, ni sumu kwake. Maini iwe kidogo tu, mara moja moja. Mifupa ya kuku iliyopikwa tupa mbali, inavunjika kama sindano.

Mchanga wa choo chake badilisha kila siku, kwa sababu mayai ya toxoplasma huchukua siku moja au zaidi kabla ya kuambukiza. Na hiyo kazi asipewe mwenye mimba. Paka akianza kukonda au kuhema ovyo, tafuta daktari wa mifugo. Si wa ng'ombe peke yake.

Zamani huku Gusii paka alikuwa mfanyakazi, mshahara wake panya wa ghala la mahindi. Wewe umemtoa ghalani ukamfungia ndani ya bedsita. Basi chakula chake sasa ni jukumu lako, na sufuria unayo.