Waru Inaweza Kukaa Fiti Kumbe Imebeba Ugonjwa, na DNA Ndiyo Huichomea

Unakumbuka Januari 2022, KFC Kenya ilipoishiwa na chips na Wakenya wakawaka mtandaoni? Kelele yote ilikuwa moja: mbona waru zitoke majuu na Nyandarua na Meru ziko hapa? Swali poa. Lakini kuna stori ya waru zetu ambayo haikutrend: mbegu.

Wakulima wengi hawanunui mbegu iliyokaguliwa. Msee anaweka zile ndogo za msimu uliopita ama anachukua kwa jirani. Na humo ndimo hupitia mnyauko wa bakteria. Bakteria wenyewe wanaitwa Ralstonia solanacearum. Wakiingia wanaziba mishipa ya maji, mmea unanyauka ukiwa bado kijani, na hakuna dawa ya kupuliza itauokoa. Udongo nao unabaki nao miaka.

Ubaya ni kwamba waru inaweza kuwabeba na itoke shamba ikiwa safi. Unaikata, huoni kitu. Unaipanda, umejipandia hasara.

Hapo ndipo DNA inaingia. Ni ile PCR tulizoea wakati wa Covid. Maabara inachukua kipande cha waru, inatoa DNA yote, kisha mashine inatafuta ile ya bakteria pekee na kuinakili, ikiongezeka maradufu kila mzunguko. Ikionekana mapema, bakteria ni wengi. Sampuli mbili zikipishana mizunguko 10, tofauti ni kama mara 1,000. Pima leo, pima tena baada ya siku kadhaa, utajua kama wanazaana ama wamekwama.

Mbona hesabu yote hiyo? Kwa sababu watafiti wanaosaka aina ya waru inayohimili huu ugonjwa wanaweza kuchezwa na macho. Kuna mmea unaozuia bakteria kuzaana. Kuna mwingine unavumilia tu: majani freshi, ndani wamejaa pomoni. Shambani zinakaa mapacha. Huyo wa pili akifanywa mbegu, anasambaza ugonjwa kimya kimya. Kwangu mimi, heri waru inayokufa hadharani. Hiyo angalau unang'oa.

Si eti PCR haina makosa. Inahesabu hadi DNA ya bakteria waliokufa, ndiyo maana ile njia ya zamani ya kuwakuza kwenye sahani za maabara na kuhesabu walio hai bado iko. Pia ukichukua kipande ambacho hawajafika, majibu yatakuwa safi na gunia ni chafu.

Halafu kuna doh. KEPHIS hukagua mbegu za kampuni na wakuzaji waliosajiliwa, lakini msee wa nusu ekari pale Ol Kalou hawezi kulipia kipimo cha maabara kila msimu. Kaunti huchukua cess magunia yakipita barabarani. Sioni kwa nini sehemu ya hiyo pesa isilipie vipimo vya mbegu yake kabla hajapanda.