Malkia wa Uzuri Anapobisha Hodi

Baba mmoja wa hapa Bunia, mkaaji wa mtaa wa Mudzipela, ametuletea barua ndefu. Binti yake, mwenye umri wa miaka kumi na tisa, ambaye amekwisha maliza shule ya sekondari, ameombwa aingie katika mashindano ya malkia wa uzuri. Mama wa binti amekubali. Shangazi zake wamekataa kwa makelele. Baba mwenyewe hajui aseme nini. Aandika kwamba haoni haya juu ya uzuri wa mtoto wake, kwani hakuununua dukani. Bali jambo linalomnyima usingizi ni hili: kesho yake baada ya taji, watu watamfanyia nini binti huyu, naye atawafanyia watu nini?

Twamshukuru mzee huyu, kwa sababu ameuliza jambo ambalo wengi hawaliulizi. Watu hubishana juu ya nguo na mwendo wa jukwaani. Walakini usiku wa mashindano ni mmoja tu, na taji hukaa kichwani mwaka mzima. Nao mwaka huo huonyesha tabia yake mapema, katika zile siku za kwanza ambapo msichana hupelekwa huku na huku: asubuhi redioni, adhuhuri kwa wakuu wa serikali, alasiri kwa mfanyabiashara aliyetoa zawadi, na siku ya pili hospitalini au kwa yatima, akifuatwa na wapiga picha. Jana hakuna aliyemsikiliza ila mama yake. Leo akikohoa yaandikwa.

Kwetu Kongo mambo haya si mageni. Mwaka 1985, nchi ilipokuwa ikiitwa Zaire, binti yetu Benita Mureka Tete alishika nafasi ya tatu katika mashindano ya Miss Universe huko Miami, Marekani. Na wengi wenu mtakumbuka habari ya Dorcas Kasinde. Mwezi wa Desemba 2018, mjini Calabar, Nigeria, Mkongo huyu alitangazwa kuwa mshindi wa Afrika. Fataki zikarushwa kwa shangwe, cheche ikaangukia nywele zake, zikashika moto. Watu wakamkimbilia wakauzima, naye hakuumia. Akavikwa taji lake, akapewa zawadi ya dola 35,000 na gari. Twamsifu kwa utulivu wake. Lakini tazameni lililofuata. Picha ya nywele zinazowaka ilizunguka dunia nzima kwa siku chache, ikaonwa na watu wasioweza hata kuionyesha Kongo katika ramani. Je, ni wangapi waliouliza msichana huyu anataka kusema nini? Siku za kwanza za malkia ni hivyo: macho yote yapo, masikio ni machache.

Majirani zetu wa Uganda, ng'ambo ya Ziwa Albert, nao wametupa mafundisho. Mwaka 2014 walioandaa mashindano yao waliamua kuyafungamanisha na kilimo. Wasichana walipelekwa kambini chini ya uangalizi wa wanajeshi, wakajaribiwa katika kazi za shamba, hata kukamua ng'ombe. Wasomaji wetu wafugaji watacheka, maana twajua ng'ombe hajali kama anayemkamua ni malkia au mchungaji. Mkono usiojua humpata teke. Aliyeshinda ni Leah Kalanguka, msichana wa miaka 23, aliyesomea mambo ya kompyuta chuoni Makerere, na ambaye alikuwa akifuga kuku na kulima uyoga. Kazi aliyopewa ilikuwa kuwavuta vijana wenzake warudie jembe. Basi katika siku zile zile za kwanza, palitokea watu walioandika mitandaoni kumdhihaki juu ya sura yake. Hao hawakupanda hata mche mmoja wa muhogo, lakini walikuwa na nafasi ya kupima pua ya mtoto wa watu.

Miaka minne baadaye, tarehe 8 Desemba 2018, Mganda mwingine, Quiin Abenakyo, binti wa Busoga, alifika katika watano wa mwisho wa mashindano ya Miss World mjini Sanya, nchini China, akapewa taji la Afrika. Jambo alilolichukua kuwa kazi yake lilikuwa mimba za wasichana wadogo na ndoa za utotoni. Ni jambo zito, nalo latuhusu sisi wa Ituri pia, maana tunao mabinti wengi walioacha shule kwa sababu hiyo. Mwezi uleule Rais Museveni alimkaribisha, akampongeza, kisha akasema hadharani kwamba kasoro aliyoiona ni nywele za Kihindi, na kwamba amemshauri abaki na nywele zake za Kiafrika. Habari ya nywele ikaenda mbali sana. Habari ya mimba za watoto ikabaki nyuma ikitembea kwa miguu.

Sisi hatuna ugomvi na nywele za mtu. Mwaka 2007 Flaviana Matata wa Tanzania alikwenda Mexico akiwa amenyoa kichwa chote, akaingia katika kumi bora wa Miss Universe. Mama yake alikuwa amefariki katika meli ya MV Bukoba iliyozama Ziwa Victoria mwezi wa Mei 1996. Binti huyo baadaye alianzisha shirika linalosaidia wasichana wapate vifaa vya shule na masomo. Mwenzake Happiness Magese, malkia wa Tanzania wa mwaka 2001, alisimama miaka mingi baada ya taji lake akasema waziwazi juu ya ugonjwa uliomtesa tangu usichana, unaoitwa endometriosisi, ambao tishu inayofanana na ile ya ndani ya mji wa mimba huota nje yake na kuleta maumivu makali. Wanawake wengi walikuwa wakiambiwa kwamba maumivu hayo ni kawaida ya mwanamke, wavumilie. Basi si lazima mema yote yatendwe katika juma la kwanza. Mti hauzai siku ya kupandwa.

Sasa turudi Bunia. Binti wa mzee wetu akishinda, twajua atakapopelekwa. Atapelekwa Kigonze au kambi nyingine, kwa watu waliokimbia mapigano ya Djugu yaliyoanza tena mwishoni mwa mwaka 2017. Hapo ndipo tunapotaka kukaa kidogo.

Watu hao wametembelewa mno. Wamewaona wakubwa wa Kinshasa, wamewaona wageni wa Ulaya, wamewaona waimbaji. Kila gari limeshusha watu waliotazama, wakaandika, wakapiga picha, wakapanda tena. Tulikuwapo siku moja katika kambi mojawapo alipofika mgeni wa heshima na sabuni na mchele. Mama mmoja alitoka katika kibanda chake cha turubai akiwa na kigoda kimoja, ndicho kiti cha pekee cha nyumba ile. Akakifuta kwa kanga yake, akamkaribisha mgeni, yeye mwenyewe akasimama. Mgeni akakitazama kigoda, akaitazama nguo yake nyeupe, akasema ahsante, ana haraka. Kisha akamwinua mtoto wa mama huyo, picha ikapigwa, akamrudisha chini. Hakuna aliyekuwa amemwuliza mama kama mtoto wake aweza kupigwa picha. Mama akabaki na kigoda mkononi. Tangu siku ile hatujaisahau sura yake. Haikuwa ya hasira. Ilikuwa ya mtu aliyebishiwa mlango, akafungua, akakuta hakuna mtu.

Hapa ndipo penye shina la jambo lenyewe. Watu hudhani ya kuwa malkia akienda kambini, yeye ndiye mwenyeji kwa sababu ndiye aliyeleta mchele. Sivyo. Turubai ni nyumba. Aliyelala chini yake usiku wa mvua ndiye mwenye nyumba, na mwenye taji ni mgeni, tena mgeni mdogo kwa umri. Hana budi kubisha hodi, kungoja aitikiwe, kuwaamkia wakubwa, na kukaa akipewa kiti, hata kama nguo itachafuka. Nguo hufuliwa. Akiambiwa kwamba watoto wa kambi wanahitaji madaftari kuliko pipi, asitoe pipi kwa sababu mfadhili ameandika jina lake juu ya makopo. Na picha iwe ya mwisho, iombwe kwa mzazi, na ikikataliwa asilazimishe wala asinune. Wapo waliokimbia vijiji vyao kwa hofu ya kuuawa. Sura zao zikienezwa kila mahali, hatari yaweza kuwafuata.

Twajua mtasema: msichana wa miaka kumi na tisa atawezaje kuwaambia wakubwa waliomvika taji kwamba picha ingoje? Ni kweli, ni vigumu. Ndiyo maana twamgeukia baba. Mzee wetu, kabla ya kukubali, omba mkataba uusome wewe, pamoja na mtu ajuaye sheria. Wengi huweka sahihi usiku, katika furaha, juu ya karatasi wasiyoisoma, kisha hugundua kwamba kwa mwaka mzima binti hana ruhusa ya kukataa mwaliko wowote. Uliza zawadi italipwa lini, na nani. Uliza ni nani atakayefuatana naye safarini, na alale wapi. Awepo mwanamke mtu mzima wa kwenu, si wa kwao. Mwaka 2022 serikali ya Rwanda iliyasimamisha mashindano ya Miss Rwanda, baada ya mkuu wa kampuni iliyoyaandaa kukamatwa kwa tuhuma za kuwadhulumu washindani. Mabinti hao walikuwa na wazazi waliowapenda kama unavyompenda wako. Tena uliza juu ya masomo: kama ataka kuingia chuo, mwaka wa taji usimle mwaka wa chuo bila yeye mwenyewe kujua.

Kwa shangazi twasema neno moja tu, kwa heshima. Tanzania iliwahi kuyapiga marufuku mashindano haya katika miaka ya sitini, hayakurudi mpaka mwaka 1994. Katika muda ule wote wasichana hawakuacha kuwa wazuri, wala watu wabaya hawakuacha kuwatafuta. Makelele yenu ni ya upendo, nasi twayasikia. Lakini yatafaa zaidi mkiwa karibu naye kuliko mkiwa mmemsusa.

Tulikuwa tumekwisha ikunja barua tulipoona maneno machache nyuma ya ukurasa, kwa mwandiko mwingine, mdogo na wa haraka. Ni ya binti mwenyewe. Auliza kama yafaa aende kambini sasa, kabla ya mashindano, bila mshipi wala mpiga picha, ili ajue watu wanaishije kabla hajaanza kuzungumza juu yao.

Yafaa, mwanetu. Anza kwa kamati ya kambi, uwaambie kwamba huna kitu cha kugawa, ila una mikono miwili na kwamba umesoma. Huenda wakakupa kundi la watoto wa kufundisha kusoma, huenda wakakupa ndoo ya kuchota maji, huenda wakakuambia urudi Jumatano. Urudi Jumatano. Vaa viatu vya kufunga kwa ajili ya matope, na umchukue shangazi mmoja, hasa yule anayepiga kelele zaidi.