Maji ya Mto Tana ni ya Nani?

Wako watu wasemao kwamba Delta ya Mto Tana ni pori tupu. Maneno haya si mapya. Mkoloni naye aliyasema kila alipotamani ardhi ya mtu: kwanza aliiita tupu, kisha aliichukua.

Na aende huko msemaji huyo mvua zikiisha kushiba mto, akatazame. Vichaka vinasimama majini, na juu yake yangeyange, ngojamaliko, kwarara na mnandi wamejenga viota tawi kwa tawi, kelele zao zikisikika mbali. Ndege hawa si wajinga. Hawajengi mpaka mafuriko yamefika, kwa kuwa maji ndiyo boma lao. Nguchiro na paka mwitu hawavuki. Tena maji hayo hayo huwatawanya samaki mbugani wakazaana, na makinda yakapata kula. Yakipungua kabla makinda hayajaota mbawa, wazazi huyaacha yakafa.

Sasa nauliza, ufunguo wa maji hayo umeshikwa na nani? Tangu bwawa la Masinga lilipokamilika mwaka 1981, mafuriko hayafiki tena kama zamani. Umeme wa mabwawa hatuupingi, maana taifa lisilo na umeme litaendeshaje viwanda? Lakini Mpokomo alimaye mpunga kwa mafuriko ni taifa. Muorma ashushaye ng'ombe wake deltani wakati wa kiangazi ni taifa pia. Kiota kikikauka, jueni shamba na malisho viko njiani kukauka. Mwaka 2012 na mwanzo wa 2013 ndugu hawa walipigana, wakafa watu zaidi ya 100, na ugomvi wa maji na malisho ulikuwamo.

Mwaka 2008 ulikuwapo mpango wa kugeuza sehemu kubwa ya delta kuwa mashamba ya miwa. Wananchi hawakutupa mawe. Walikwenda mahakamani, na Februari 2013 Mahakama Kuu ikaamuru ardhi ipangiwe matumizi na wenyeji washirikishwe. Huo ndio uraia! Na mwaka mmoja kabla, yaani 2012, Kenya ilikwisha iandikisha delta katika Mkataba wa Ramsar wa kulinda ardhi zenye maji. Sahihi ya taifa si pambo la ukutani.

Wageni wenye darubini wanaokuja kutazama ndege tunawakaribisha (wengine hufunga safari ndefu kwa ajili ya ndege mmoja mdogo wa kahawia, jambo linalowachekesha wazee). Ila mwongozaji wao na awe kijana wa Tana, na ada ibaki kijijini.

Hayo ni madogo. Kubwa ni hili: wenye mabwawa wafungue maji kwa majira, kwa kiasi kinachojulikana, wakiwaarifu watu mapema wahamishe vyombo na mifugo. Mbunge yeyote ajaye kuomba kura Garsen aulizwe kwanza habari hiyo.