Tumeshinda 3-2, lakini msimlaumu kipa

 

Najua wengi mmeshapata matokeo. Vijana wetu wa chuo huku upande wa Mbulu wamewafunga wenzao wa Hanang 3-2, tena kwao, chini ya mlima. Watu wamerudi kwenye Fuso wakiimba mpaka sauti zimekauka. Majina ya vyuo nayaacha makusudi. Ninachotaka kusema kinamgusa kijana mmoja, na huyo kijana kashasemwa vya kutosha.

Kijana mwenyewe ni kipa. Mpaka mapumziko tulikuwa tunaongoza 3-0, mambo safi, mashabiki tunapiga mluzi. Kipindi cha pili tukala mbili ndani ya dakika ishirini, na dakika za mwisho mpira ukagonga mwamba ukarudi uwanjani. Ungeingia ule, leo ningekuwa naandika habari nyingine. Jioni ile ile kwenye kijiwe maneno yakaanza: kipa kauza, kipa kala hela, kipa mikono ya siagi. Jumatatu nimekutana naye anasema glovu anamrudishia kocha, bora akae asome.

Jamani, ngoja tuongee mpira.

Mimi nimecheza namba 5 enzi zangu, tena kwenye viwanja vya kokoto, kwa hiyo nina maslahi katika hili. Magoli yote mawili nimeyaangalia kwa macho yangu nikiwa nyuma ya kibendera cha kona. Yamefanana kama mapacha. Namba 3 wetu kapanda, mpira umepotea katikati, mpinzani kapiga mrefu nyuma ya namba 3, kitasa wetu wa kushoto katoka kwenda kuziba, katikati pamebaki shimo la kupitisha ng'ombe wawili wakiwa sambamba. Winga kapiga krosi ya chini, mshambuliaji yuko peke yake hatua sita kutoka golini. Kipa afanye nini hapo? Ukimleta kipa yeyote wa Ulaya atapata picha nzuri ya mpira ukipita.

Na namba 6 alikuwa wapi? Alikuwa mbele, anatafuta goli la nne. Ameona anaongoza 3-0, naye anataka jina lake liimbwe kwenye Fuso.

Halafu kuna upepo. Anayeijua Katesh anajua upepo wake. Kipindi cha kwanza tulicheza nao mgongoni, mpira wetu mrefu ulikuwa unafika wenyewe. Kipindi cha pili ukawa wao. Mpira wanaopiga kutoka nusu yao unatua nyuma ya beki zetu, na sisi tumebaki na mstari ule ule wa juu kama vile hakuna kilichobadilika.

Hapo ndipo nikakumbuka Simba ya msimu wa 2018/19. Yanga wenzangu msinipige mawe, mfano mzuri unachukuliwa hata kwa jirani.

Wengi wenu mlikuwa bado wadogo, mlikuwa mnaingia kwenye kibanda umiza kwa kupenya chini ya turubai. Simba waliingia hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa Afrika, kocha Mbelgiji Patrick Aussems, kundi moja na Al Ahly ya Misri, AS Vita ya Kinshasa na JS Saoura ya Algeria. Mechi ya kwanza Januari 2019 wakampiga Saoura 3-0 Taifa. Nchi ikasimama. Wiki moja baadaye wakaenda Kinshasa wakala 5-0. Februari wakaenda Misri, 5-0 tena, na magoli yote matano yaliingia kipindi cha kwanza. Siku kumi mbele, timu ile ile ya Al Ahly ikaja Dar ikafungwa 1-0, goli la Meddie Kagere. Halafu wakaenda Algeria wakafungwa 2-0.

Sasa inakuja mechi yenyewe, Machi 16, 2019, Simba na AS Vita, Uwanja wa Taifa, ambao mwaka 2020 ulipewa jina la Benjamin Mkapa. Simba wana pointi 6, Vita wana 7. Sare inamtoa Simba. Lazima ushinde, na unayetakiwa kumshinda ni mtu aliyekupiga tano miezi miwili tu nyuma.

Dakika ya 13 Kazadi Kasengu akaifungia Vita. Kwenye kibanda nilichokuwepo, huku kwetu, mzee mmoja akasimama akavaa koti lake akaondoka bila kuaga. Dakika ya 36 ikasawazishwa, na aliyesawazisha ni Mohamed Hussein Tshabalala. Tshabalala ni namba 3! Beki wa kushoto ndiye aliyekuwa kwenye eneo la hatari la mpinzani. Kuanzia pale mpaka dakika ya 90 ilikuwa ni 1-1, Simba anasukuma, akifungwa la pili safari imeisha. Clatous Chama akafunga mwishoni kabisa. 2-1. Simba robo fainali.

Siku ile hakuna aliyezungumzia beki. Ukishinda, beki hazungumzwi. Lakini chukua kalamu tuhesabu pamoja. Kwenye kundi lile Simba alimaliza na pointi 9, nafasi ya pili nyuma ya Al Ahly mwenye 10. Alifunga magoli 6 akafungwa 13. Kumi na tatu! Timu iliyofungwa zaidi ya mara mbili ya ilivyofunga ikapita, na Saoura na Vita wakarudi nyumbani. Hesabu za makundi ndivyo zilivyo, kufungwa tano na kufungwa moja vyote ni pointi sifuri.

Robo fainali wakakutana na TP Mazembe. Dar ikawa 0-0, John Bocco akakosa penalti. Lubumbashi Emmanuel Okwi akafunga mapema kabisa, watu tukaruka, mwisho wa siku 4-1, kwaheri.

Jumlisha mechi zote nane, sita za kundi na mbili za Mazembe. Simba alifungwa magoli 17. Kati ya hayo, 16 aliyafungwa ugenini. Nyumbani alifungwa moja tu, lile la Kasengu.

Sasa niambieni, kipa namba moja msimu ule alikuwa Aishi Manula. Je, Manula alikuwa anajua kudaka akiwa Dar, akipanda ndege anasahau? Vitasa walikuwepo Pascal Wawa na Juuko Murshid, na Erasto Nyoni ambaye unamweka popote. Nao walikuwa wanasahau angani? Haiingii akilini. Kilichokuwa kinabadilika ni mahali mpira unapokaa. Nyumbani Simba anaushika mpira, mpinzani anakimbizana nao, Tshabalala anapanda hakuna wa kumwadhibu. Ugenini mpira uko kwa mwenyeji. Mbele una Kagere, Okwi na Bocco, watatu ambao kazi yao ni kufunga, nyuma yao Chama ambaye humwambii akakabe. Kiungo mkabaji kama James Kotei anabaki anazima moto nyumba tatu kwa ndoo moja. Hayo ni maoni yangu, kocha wa kwenye kibanda, mnaruhusiwa kukataa. Ila mtu akikataa aje na maelezo yake kwa nini 16 kwa 1.

Kuna watu watasema Shomari Kapombe alikuwa majeruhi, na ni kweli. Beki wa kulia ilibidi asajiliwe Zana Coulibaly. Nakubali ilichangia. Lakini beki wa kulia mmoja hakupi magoli matano ndani ya dakika 45.

Halafu angalieni miaka miwili mbele, kundi la 2020/21. Simba tena yuko na Al Ahly na AS Vita, safari hii na Al Merrikh ya Sudan. Mechi sita, kafungwa magoli 2 tu. Kaongoza kundi na pointi 13. Kaenda Kinshasa kule kule alikokula tano, akashinda 1-0. Kipa? Manula yule yule. Namba 3? Tshabalala yule yule, na bado alikuwa anapanda. Wawa yupo. Walioongezeka nyuma ni Joash Onyango kutoka Gor Mahia, Kapombe mzima wa afya, na mbele ya vitasa kawekwa Mganda Taddeo Lwanga, mtu ambaye goli la nne halimsumbui akili. Anasimama pale kama mlinzi wa benki. Kocha naye ni mwingine, Didier Gomes.

Nisiwadanganye kwamba dawa ile ilitibu kila kitu. Robo fainali Mei 2021 Simba hao hao walienda Afrika Kusini wakala 4-0 kwa Kaizer Chiefs, wakarudi Dar wakashinda 3-0, wakatoka kwa goli moja. Ugonjwa wa ugenini ulirudi kwa usiku mmoja ukaua mgonjwa. Lakini kutoka 13 hadi 2 kwenye mechi sita, kipa yule yule, hilo mnalipitaje?

Turudi kwetu. Vijana wetu wana mapafu, hilo halina ubishi. Huku ndiko alikotoka John Stephen Akhwari wa Mbulu, aliyemaliza marathoni ya Olimpiki Mexico 1968 goti likiwa limefungwa bandeji. Gidamis Shahanga aliyeshinda marathoni ya Jumuiya ya Madola mwaka 1978 ni wa Katesh. Kukimbia tunakuweza. Sasa hiyo nayo ndiyo inatuponza! Namba 3 wetu anajiamini kwamba akipanda, atarudi mbio. Na kweli anarudi mbio, nimemwona, anafika sekunde mbili baada ya krosi. Beki anayekimbia sana ujue kuna mahali alitakiwa awe na hakuwepo.

Simwambii asipande. Goli letu la pili la Jumamosi krosi ilikuwa ya kwake, na Tshabalala asingepanda siku ile Simba asingeiona robo fainali. Ninachosema ni kwamba akipanda, lazima mtu abaki. Namba 6 abaki. Kama namba 6 naye ana hamu ya kwenda mbele, basi namba 2 abane ndani, wawe watatu nyuma. Na kama upepo umegeuka, mstari ushuke hatua kumi, mpira mrefu utue mbele yao badala ya mgongoni. Haya hayahitaji kocha kutoka Ubelgiji.

Na nikiri langu. Kabla ya goli la pili la wapinzani, nilikuwa pale kwenye kibendera napiga kelele "panda! panda!" kumwambia namba 3. Tulikuwa wengi. Tulikuwa 3-1 mbele na bado tunamsukuma mtoto wa watu apande. Alipopoteana, hao hao tukageuka kumtukana kipa. Kwa hiyo hao wa kijiweni wanaotafuta aliyekula hela, waanze na sisi tuliokuwa pale kwenye kona, maana kazi ya kuwasaidia wapinzani tuliifanya bure.

Kuna mdau aliniambia, "bro, mnashinda halafu unalalamika?" Ndiyo. Mechi ijayo ni na wale wa Babati, na wale si wa mchezo. Tangu Fountain Gate ilipohamia Babati mwaka 2024 na ligi kuu ikaanza kuchezwa pale Tanzanite Kwaraa, vijana wa kule wanaangalia mpira mkubwa kwa macho, sio kwenye kioo cha inchi 21 kama sisi. Wakigundua upande wetu wa kushoto uko wazi, dakika ishirini zile zitakuwa tisini.

Jana nimeongea na kocha. Amekubali Jumatano tufanye zoezi moja tu, namba 3 anapanda, namba 6 anateremka, tunarudia mpaka jua lizame. Kipa nimempigia simu, kasema atakuja mazoezini. Kama atavaa glovu hajasema.

Mwenye video ya goli lile la pili aje nayo kwenye simu hapa kafe, nataka namba 6 ajione alipokuwa amesimama.

Naomba kuwasilisha.