Kabla ya rimu, nunua shahidi

Mwenzenu nami nimeanza kujikusanya ninunue gari. Siyo ndinga ya kutisha, ni IST tu iliyokwishatumika Japani, ya kunitoa Mbezi hadi chumba cha habari bila kugombania daladala. Tangu nilitangaze jambo hili nimepata washauri wengi kuliko wachangiaji. Mmoja anasema nianze na rimu. Mwingine muziki. Wa tatu anaapa kwamba bila vioo vyeusi jua la Dar litanimaliza. Sijamsikia hata mmoja akitaja kamera ya dashibodi, ile ndogo inayobandikwa kwenye kioo cha mbele na kurekodi barabara muda wote gari linapotembea.

Mimi nasema kamera ndiyo iwe ya kwanza. Na sababu yangu huenda siyo ile unayoifikiria.

Mwaka jana mshikaji wangu wa kazini aligongana na bodaboda kwenye makutano yenye taa, Barabara ya Sam Nujoma. Mnajua kinachofuata. Watu walijaa, na kila mmoja alikuwa ameona, hata yule aliyekuwa ndani ya duka akiipa barabara mgongo. Trafiki akaja kupima. Dereva wa bodaboda alikuwa ameshakimbizwa hospitali, mguu umevunjika, kwa hiyo aliyebaki kusimulia ni mshikaji wangu. Akasema kwake taa ilikuwa ya kijani. Alisema kwa uhakika kabisa, nami nikamwamini. Kesho yake hukumu ilikuwa imeshapita chumba kizima cha habari: bodaboda hawa, jamani!

Gari lake lilikuwa limekuja na kamera kutoka Japani. Alishaisahau, kama alivyokwisha kukizoea kile kisauti cha Kijapani kinachomsemesha kila akiwasha gari. Wiki tatu baadaye fundi aliyekuwa akinyoosha bodi ndiye aliyemuuliza kama ile kitu inafanya kazi. Tukatoa kadi, tukaichomeka kwenye kompyuta. Kamera hizi hurekodi kwa mzunguko, kadi ikijaa mpya inaifuta ya zamani. Lakini nyingi zina kihisio cha mshtuko: gari likigongwa, kipande hicho kinafungiwa kisifutwe. Kipande chetu kilikuwepo.

Taa ilikuwa nyekundu.

Akairudia mara nne. Nisieleweke vibaya, mshikaji wangu hakuwa mwongo. Taa ya kijani aliiona kweli, ila aliiona akiwa bado mbali, na kichwa chake kikaibeba hivyo hivyo hadi katikati ya makutano. Kama tungemsimamisha mahakamani siku ile angeapa, na angeapa kwa moyo mweupe.

Sasa fikirieni upande wa pili. Kijana yule pikipiki yake ilikuwa ya mkataba, na mwenye pikipiki anataka hesabu yake kila siku, mguu mzima au mbovu. Ile bima ndogo tunayoikata wote kwa sababu sheria inatulazimisha ipo kwa ajili ya mtu wa tatu kama yeye, aliyeumizwa kwa kosa la dereva. Kosa likihamia kwake, hapati kitu. Maisha yake yote yalikuwa ndani ya kile kikadi kidogo kuliko ukucha, na waliojua kuwa kadi ipo tulikuwa wawili tu.

Mshikaji wangu aliiweka mfukoni siku mbili. Siku ya tatu akaipeleka kwa trafiki na kwa watu wa bima. Ningependa kuandika kwamba mimi ndiye niliyemshauri. Hapana. Mimi nilinyamaza, nikamwambia ni uamuzi wake. Mimi huyu huyu ambaye nimeandika habari fupi za ajali nisizoweza kuzihesabu, zenye sentensi ile ile ya "kuingia barabarani bila kuchukua tahadhari", nyingi nikizipata kwa yule aliyebaki na uwezo wa kusema.

Najua mtauliza: kwa nini nilipie shahidi anayeweza kunigeuka? Kwa sababu siku nyingine atanitetea. Warusi wengi walijaza kamera kwenye magari yao kwa ajili ya ugomvi wa bima na mahakama, ndiyo maana kimondo kilipopasuka juu ya Chelyabinsk tarehe 15 Februari 2013 dunia nzima ilikiona kupitia vioo vya madereva. Kamera haikuchagua cha kuona. Huwezi kununua nusu yake inayokupenda wewe tu.

Hapa kwetu Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inasema ushahidi usikataliwe kwa sababu tu ni wa kielektroniki. Lakini utapimwa: ulihifadhiwaje, umeguswa na nani. Kwa hiyo ukiipata kamera, weka saa sawa. Ya mshikaji wangu ilikuwa bado na saa ya Japani, ambao wako mbele yetu kwa saa sita. Ajali ya saa mbili asubuhi ikaonekana ni ya saa nane mchana, na mtu wa bima alitukazia macho hadi tulipomweleza.

Mengine ni madogo. Tafuta yenye kapasita badala ya betri ya lithiamu, maana gari likiegeshwa juani hapa Dar betri huvimba. Nunua kadi iliyotengenezwa kwa kurekodi mfululizo. Ibandike nyuma ya kioo cha kutazamia nyuma isikuzibe. Kama inarekodi sauti, izime au umwambie unayempa lifti, kwani Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, haichezi na mambo ya watu. Na tafadhali, ajali ya mwenzako siyo ya kurusha WhatsApp.

Kijana yule alilipwa, ingawa ilichukua miezi. Anatembea, anachechemea kidogo. Mshikaji wangu bado anaendesha na kamera ile ile, na saa ameirekebisha.

Kwa hiyo IST yangu ikifika bandarini, rimu zitasubiri. Swali ninalobaki nalo siyo bei. Ni hili: kadi ile ingekuwa yangu, ningeipeleka siku ya ngapi? Wewe je?